Fundi Alivyokiri Uchawi Mbele ya Kamera

Nusu ya wanaume wa Nuu, huku kwetu Ukambani, walioa wakiwa wamevaa suruali ya mtu huyu, na wengine walizikwa nayo hiyo hiyo. Kwa hivyo nikisema Fundi, bila jina, mtu wa Nuu hataniuliza fundi gani. Mafundi wa mawe tulikuwa nao, wa baiskeli tulikuwa nao, lakini hao waliitwa kwa majina yao. Fundi alikuwa mmoja, yule wa cherehani, kwenye veranda ya duka lenye mlango wa kijani, mkabala na mashine yangu ya kusaga.

Sitasema alizaliwa wapi. Hilo ndilo swali alilolichukia kuliko yote, na mimi nililisikia likiulizwa ng'ambo ya barabara miaka mingi mpaka likanichosha. Mtu anakuja kupimwa, ananyoosha mikono, halafu kwa kukosa la kusema anauliza, “Fundi, kwenu ni wapi?”

Fundi, pini zikiwa mdomoni, anajibu, “Hapa. Nyuma ya duka.”

“Hapana, nasema kwenu kwenu.”

“Basi pita ndani, pita jikoni, utapaona. Geuka.”

Alikuwa Mwislamu, na huku kwetu Mwislamu wa kofia huitwa Mswahili, hata kama hajawahi kuona bahari. Fundi hakuwahi kuiona. Aliniambia mwenyewe kwamba maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona ni mto Tana ukiwa umefurika, na hakuyapenda. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nimezunguka na lori kwa miaka, Kikamba changu kimeingia vumbi la Machakos, la Makueni, la Nairobi. Chake kilikuwa kile cha bibi zetu. Mtu akifanya makosa akisoma matangazo kanisani, Fundi alimsahihisha kutoka nje, dirishani. Alikuwa nje ya kanisa kila Jumapili, kwa sababu kanzu za kwaya alishona yeye na alitaka kuona zinavyoanguka mabegani wakiinua mikono. Mahubiri aliyasikia yote. Alijua Zaburi nyingi kuliko mimi, na mimi nimebatizwa.

Alikuwa na tabia mbaya pia, nisimpake mafuta. Hakuwahi kumaliza nguo siku aliyoahidi. “Jumamosi” kwa Fundi ilikuwa siku yoyote iliyo mbali. Vipimo vya mtu alivitangaza kwa sauti sokoni: “Aaa, asa, mzee wangu, tumbo limeongezeka! Mkeo anapika nini?” Na ukisimama vibaya alikuambia, “Simama wima, wewe si gunia.” Wanawake walicheka, wewe unasimama pale umeshikwa kiuno na futi, utafanya nini.

Sasa, kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka Fundi, na nitakisema mapema ili msomaji asinisumbue baadaye. Alitaka kukaa kwenye nzama.

Nzama ni baraza letu la wazee. Linaamua mipaka, mahari, mbuzi wa nani amekula mtama wa nani. Kila mzee huja na kigoda chake cha miguu mitatu. Ukiwa na kigoda una neno. Ukisimama wewe ni mtazamaji, hata uwe na gari. Mimi nilianza na punda wa kuuza maji, nikaja nikawa na mashine, nikaja nikawa na lori, na darasa nililiacha la pili. Lakini kigoda nilikipata kabla ya lori, na nilikifurahia zaidi.

Fundi alikuwa kwenye kila nzama, lakini alikuwa amesimama. Mbuzi wote wa nzama alichinja yeye, ili pasiwe na mtu wa kukataa nyama. Alikuja na kisu chake, akasema maneno yake, akachinja, akafuta kisu, akasogea pembeni. Nyama ikiiva, kila mtu ana sehemu yake. Wazee wakubwa wana zao, sisi wa katikati tuna zetu, na mzee mchanga aliyeingia juzi hupewa shingo, ambayo ni mifupa na taabu. Mgeni hupewa ini. Ini ni laini, ni heshima. Fundi alipewa ini miaka yote.

Alishatoa mbuzi wa kuingilia, kama tulivyotoa sisi sote. Wazee walimla, wakamshukuru, wakampa ini la mbuzi wake mwenyewe. Alilipeleka nyumbani ndani ya karatasi ya sukari. Mke wake alifungua karatasi akasema neno moja tu: “Tena?”

Nilimuuliza mzee wetu mkubwa, yule aliyeongoza nzama, kwa nini. Alikuwa mtu wa haki na alinijibu kwa haki. “Hakuna ubaya,” akasema. “Fundi ni mgeni wetu mzuri. Mgeni ukimpa kazi ya kuhukumu, unamchosha bure.”

Fundi alikuwa mgeni tangu huyo mzee akiwa na nywele nyeusi.

Kigoda alikuwa nacho. Aliniagiza mimi, siku nilipokuwa napanda kwenda Nunguni kuchukua viazi na kabichi. Alitaka cha mti mgumu, chenye waya wa shaba uliopigiliwa juu kama vile vya zamani. Nilikileta katikati ya kabichi. Akakiweka nyuma ya cherehani akawa anakikalia akishona. Mimi nikamwambia kiti chenye mgongo kingemfaa zaidi kwa kazi hiyo. Akasema kigoda kipya kinachubua, na siku atakayoitwa hataki kukaa kama mtu aliyechubuliwa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wazungu wa sinema walipokuja.

Walipiga hema chini ya kilima cha Nuu. Walikuwa na magari, na mashine ya umeme iliyopiga kelele kuliko yangu, na kijana kutoka Nairobi mwenye nywele nyingi aliyekuwa akitafsiri. Kijana alituita uwanjani akatueleza hadithi ya sinema. Zamani, wakati wa misafara ya Waarabu ya pembe za ndovu na watumwa, mzungu mmoja anafika kwenye kijiji cha Wakamba. Anakaribishwa vizuri. Vizuri kupita kiasi. Kumbe mchawi wa kijiji amefunga mvua, na wanakijiji wanataka kumtoa huyo mzungu kafara mlimani ili ifunguke.

Mzee mmoja akainua mkono. “Sisi hatujawahi kula mzungu.”

“Haliwi, mzee. Anatolewa kafara.”

“Na nyama inaenda wapi?”

Kijana akamuuliza mwenye sinema, mzungu mrefu mwenye kaptula. Wakaongea muda. “Anasema hiyo haionyeshwi.”

“Na mvua ilinyesha?” akauliza mama mmoja.

“Inanyesha mwishoni, mama.”

“Basi walifanya vizuri,” akasema mama, akakaa.

Huyo mwenye sinema, nimpe haki yake, alikuwa na fahari ya aina yake. Alisema sinema zingine huchukua watu popote, huwapaka rangi, na kuwafanya wapige makelele yasiyo lugha ya mtu yeyote. Yake haitakuwa hivyo. Yake itakuwa na watu wa kweli, mahali pa kweli, lugha ya kweli. Tukampigia makofi. Halafu akasema tuje kesho tumevaa ngozi.

Nuu nzima hakukuwa na mtu mwenye nguo ya ngozi. Kwa hivyo ngozi za mbuzi zilipelekwa kwa Fundi azishone. Akavunja sindano nyingi akilaani kwa Kikamba. Wazee walimwambia yule mzungu kwamba wakati wa misafara babu zetu walishaanza kuvaa nguo, ile kaniki nyeusi. Jibu lilikuja kupitia kwa kijana: anasema nguo haitishi. Basi tukavaa ngozi. Zilinuka. Mimi niliivaa juu ya suruali yangu, wakaniambia niitoe suruali, nikakataa, tukapatana niikunje mpaka juu ya goti.

Pasta naye alitangaza msimamo. Mshirika wa meza ya Bwana anaweza kuwa mwanakijiji, mradi asipige ngoma za pepo na asifanye kazi Jumapili. Mwarabu anaweza kuwa, kwa sababu Waarabu wamo kwenye Biblia. Mchawi hapana.

Siku ya kuchagua watu, yule mzungu alipita mbele yetu akitazama nyuso kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafika kwa Fundi aliyekuwa amesimama na futi shingoni na kofia kichwani. Akafurahi.

“Anasema wewe ndiye Mwarabu,” kijana akamwambia Fundi. “Mwenye msafara wa watumwa.”

“Mwambie mimi ni wa hapa.”

“Anasema hapa ni Wakamba.”

“Mwambie ndiyo.”

Kijana akatafsiri. Mzungu akamtazama Fundi tena, pua, macho, kofia. “Anasema uso wako si wa Kikamba.”

“Muulize, wazee wa kijiji kwenye sinema watakaa juu ya nini?”

“Juu ya vigoda.”

“Basi mwambie mimi nina kigoda.”

Haikusaidia. Fundi akasema kama hawezi kuwa mzee hatakuwa chochote, akarudi kwenye cherehani yake. Uarabu ukapewa shemasi wa kanisa, Mkamba kwa baba na mama, mtu wa mahindi na mbaazi. Fundi ndiye aliyemshonea kanzu. Alimshonea ikiwa fupi upande mmoja, na mpaka leo sijui kama ilikuwa bahati mbaya.

Mchawi ndiye aliyesumbua. Kwetu mchawi huitwa muoi, na neno hilo si tusi la kutupiana sokoni. Ni kesi. Mtu akisema kwa mdomo wake, mbele ya wazee waliokaa kwenye vigoda, kwamba yeye ni muoi, amekwisha kusema. Hakuna kusema nilikuwa natania. Hata mlevi wa Nuu, aliyetukana chifu na mama mkwe wake siku moja, hakuwahi kulitamka hilo. Walileta mwigizaji kutoka Nairobi, mtu aliyesomea kazi hiyo. Kumbe naye alikuwa Mkamba wa Machakos. Alisoma karatasi yake, akatutazama sisi na vigoda vyetu, akasema atayasema kwa Kiingereza. Mzungu akasema hapana, lugha ya kweli. Akasema atayasema kwa Kiswahili. Hapana. Basi tumbo likamshika ghafla, na nilimrudisha mimi kwa lori langu. Tumbo lilipona tulipopita Migwani.

Sinema ikasimama. Wazungu wakakaa chini ya turubai wakinywa soda. Kijana wa Nairobi akazunguka nyumba kwa nyumba akibembeleza, akafukuzwa na mbwa na akina mama. Mwishowe mzee wetu mkubwa akatoa shauri.

“Apewe Fundi,” akasema. “Halitamshika. Uoi ni kitu cha watu wa hapa, unatoka kwenye nyumba zetu. Yeye ni mgeni.”

Wote wakakubali mara moja. Fundi mwenyewe alikuwapo, amesimama pale pembeni. Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa shati lake. Nilifikiri atakataa na kutukana.

“Nitayasema,” akasema. “Lakini kwa Kikamba. Na wazee wawe ni hawa hawa, kila mmoja kwenye kigoda chake.”

Kijana akatafsiri. Mwenye sinema alimkumbatia. Watu wa kweli, vigoda vya kweli. Kama Fundi alikuwa ameshapiga hesabu yake kichwani wakati ule, sijui. Niliwahi kumuuliza. Alinipima kiuno.

Walimpaka masizi na majivu ili aonekane Mkamba zaidi. Sisi tulitazamana. Mkamba wa rangi ile sijamwona kabla wala baada. Wakamfunga ngozi, wakamvua kofia, na nikaona mara ya kwanza kwamba alikuwa na upara. Halafu akasimama mbele yetu mchana kweupe, kamera ikageuka, akafungua mdomo.

“Ni mimi,” akasema. “Mvua niliifunga mimi. Watoto wa utui huu, kijiji hiki, niliwala mimi, na mliponikaribisha nyumbani kwenu nilikuwa nahesabu ni nani atafuata.”

Hivi nilivyoyaandika kwa Kiswahili hayana nguvu. Kwa Kikamba chake, kile cha bibi zetu, ilikuwa kama mtu amefungua mlango wa nyumba ulimozaliwa, na ndani hakuna mwanga. Mama mmoja alitema mate kifuani. Mzee aliyekaa kando yangu alisimama, akachukua kigoda chake, akaenda nyumbani, na hakurudi hata kwa malipo. Mzungu akaruka kwa furaha.

“Anasema vizuri sana,” kijana akasema. “Rudia.”

Akarudia. Wakahamisha kamera, akarudia. Ndege ikapita juu, akarudia. Mpaka jua likazama Fundi alikuwa anakiri. Sijui mtu mwingine Ukambani aliyekiri uoi mara nyingi hivyo na akaenda nyumbani kula chapati.

Wazungu walikunja hema wakaondoka. Walisema sinema watatuletea. Tukaendelea na mambo yetu, na Fundi akaendelea kuchelewesha nguo.

Halafu ukaja ule mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua ya kwanza haikuja, ya pili haikuja, ng'ombe wakalala chini wakakataa kuinuka, na watu wakaanza kukumbuka. Alisema, “Niliifunga mimi.” Nani alisema? Fundi alisema. Mbele ya nani? Mbele ya nzama yote, kwenye vigoda. Mara ngapi? Siku nzima.

Ilianza polepole. Watu walipeleka suruali zao Mwingi. Akina mama wakipita dukani walivuta watoto upande wa pili wa barabara, upande wangu. Akipima mtu aliyejikaza kuja, hakuna aliyecheka. Mke wake alimwambia mbele yangu, “Wewe na sinema yako, mzee. Tutakula hiyo sinema?” Na vijana wakaanza kuongea kwa sauti ya chini kwamba duka lile ni la mbao na paa lake ni kavu.

Siku nzama ilipomwita, nilivuka barabara nikamwendea mimi mwenyewe. Alikuwa kwenye kigoda, cherehani haina kitambaa.

“Sikiliza,” nikamwambia. “Umeitwa Jumamosi. Hii si mchezo, vijana wana viberiti. Lakini dawa ni rahisi. Mzee mkubwa mwenyewe ndiye aliyesema halikushiki kwa sababu wewe ni mgeni. Wewe simama, sema, mimi ni mgeni. Hayo tu. Kesi imekwisha, watu wanarudi kushonesha.”

“Nimeitwa na nani?”

“Nimekuambia. Na nzama.”

“Kuulizwa neno la uoi?”

“Ndiyo, Fundi! Unataka nikuchoree?”

“Mgeni anaitwa na nzama kwa uoi?”

“Haitwi.”

Akanitazama. Halafu akainuka, akatia makaa kwenye pasi, akaanza kupiga shati lake jeupe. Alikuwa anapiga mluzi. Nilimwambia mke wake kwamba mumewe amerukwa na akili. Akasema hilo analijua, ila hajamsikia akipiga mluzi tangu siku ya harusi.

Jumamosi ilikuwa na watu wengi. Vijana walisimama nyuma, mmoja ameshika debe la mafuta ya taa ambalo alisema ni la taa ya mama yake. Fundi alikuja na kigoda chake mkononi. Hakukikalia. Alikiweka chini mbele yake akasimama nyuma yake.

Mzee mkubwa aliongea vizuri. “Fundi, hapa tunakuheshimu. Umetuvika. Hatutaki maneno marefu. Maneno ya mgeni hayana mizizi, yanapita na upepo. Tuambie kwamba wewe ni mgeni wetu, nasi tutawaambia hawa vijana waende nyumbani.”

Kila mtu akangoja. Mimi nilikuwa namwashiria kwa kichwa aseme.

“Mimi si mgeni,” akasema Fundi.

“Fikiria kwanza.”

“Nimefikiria tangu wewe ukiwa na nywele.”

Mtu akacheka, akajizuia. Debe la mafuta likahama kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

“Yale maneno niliyasema mimi,” akasema Fundi, “kwa lugha yangu, mbele yenu, na nyinyi mmekaa. Mvua sikuifunga, ningeifunga na nini? Nilidanganya kwa ajili ya sinema. Lakini ni uongo wa mtu wa hapa. Kama kuna uchafu umenishika, nisafisheni kama mnavyomsafisha mtu wa hapa. Na kama mnataka kuchoma duka, chomeni kama mnavyomchoma mtu wa hapa. Lakini msiniambie niende salama. Niende wapi?”

Wazee walijitenga pembeni kushauriana, nami nikiwa mmoja wao, kwa hivyo najua. Tatizo lilikuwa wazi hata kwa mtu wa darasa la pili. Ukimwacha kwa sababu ni mgeni, amekataa. Ukimhukumu, umemfanya mwenyeji. Na mwenyeji aliyekiri neno na kusafishwa kwa mbuzi, neno hilo limekufa, anarudi kukaa na wenzake. Hakuna mlango wa tatu. Mzee mkubwa alisugua upara wake. “Huyu mtu,” akasema mwishowe, “ametupima.”

Tukarudi tukasema mbuzi. Mbuzi akaletwa, mwembamba, mwaka ule hakukuwa na mwingine. Hapo tukakwama tena, kwa sababu mwenye kesi hachinji mbuzi wa kesi yake, na mtu mwingine akichinja Fundi hatakula. Nililazimika kwenda Mwingi kumleta mchinjaji Mwislamu, kwa lori langu na mafuta yangu, na kesi ikangoja, na wenye viberiti wakangoja mpaka wakachoka, na yule wa debe akaitwa na mama yake kwa sababu taa kweli hazikuwa na mafuta. Niliporudi, Fundi alikuwa bado amesimama. Tukamwambia akae.

Ilikuwa mara ya kwanza mbuzi wa Nuu kuchinjwa Fundi akiwa ameketi. Mikono hakujua aiweke wapi. Alinyunyiziwa maji ya majani na ya tumbo la mbuzi, usoni na kwenye shati jeupe alilolipiga pasi, akafumba macho. Baadaye alienda kwake kuoga, na sikumuuliza alioga kwa dini gani.

Nyama ilipoiva mzee mkubwa akagawa. Akafika kwa Fundi, akasita kidogo na kisu, halafu akamkatia shingo.

Mbuzi mwembamba, shingo yake ni kama kamba. Fundi wakati huo meno mazuri aliyabakisha upande mmoja tu. Alitafuna mpaka giza. Hakumwachia mke wake hata mfupa.

Mvua haikunyesha mwaka huo. Naandika hivyo ili mtu asifikirie mambo mengine. Ilinyesha mwaka uliofuata, kwa wote.

Mtu atadhani alikuwa mzee mzuri wa nzama. Alikuwa mbaya. Alilala kesi zikiendelea, akiamka anatoza faini. Alikumbuka maneno ya kila mtu ya miaka ishirini nyuma, kwa sababu yote aliyasikia akiwa amesimama, hana la kufanya ila kusikiliza. Na kuna jambo lilinishangaza. Mtu mmoja wa Nunguni alihamia kwetu, akafungua duka la vyuma, akaja kwenye nzama kulalamika juu ya mpaka wake. Kabla hajafungua mdomo Fundi alimuuliza, “Kwenu ni wapi?”

“Hapa, mzee. Karibu na kisima.”

“Hapana. Nasema kwenu kwenu.”

Nikamgeukia Fundi nikamtazama. Akanitazama.

“Nini?” akasema. “Si lazima tujue?”

Sinema ilifika baada ya miaka mingi, na haikuletwa na wazungu. Fundi alikuwa ameacha kushona, macho yalikuwa yamefunga ukungu. Mimi lori nilishauza. Mtu akatuambia kuna kibanda cha video Mwingi kinachoonyesha sinema ya mchawi wa Nuu, mchana, vijana wanajaa. Nikamchukua Fundi tukaenda. Alibeba kigoda chake. Mlangoni kijana alimwambia, “Babu, ndani kuna mabenchi.” Fundi akapita kama hakusikia, akakiweka katikati ya njia, akakaa. Watu wakamruka kwenda kukaa.

Ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanakimbia sana. Shemasi alionekana juu ya punda, kanzu fupi upande mmoja. Mzee mkubwa, ambaye tulishamzika, alionekana akitabasamu, kwenye sinema lilikuwa tabasamu baya. Mimi nilionekana goti. Nililitambua kwa kovu la teke la punda. Niliketi jua zima nikiwa na uso wa maana, wakachukua goti.

Halafu akatokea Fundi, na majivu yake, akaanza kukiri. Sauti yake walikuwa wameiacha, Kikamba kile kile. Kibanda kizima kikapiga kelele.

“Huyo Mkamba ni hatari, wewe!”

“Sikia hiyo Kikamba! Hiyo ni ya ndani kabisa!”

“Wakamba wa zamani, aki, ungelala kwao?”

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye kioo alikuwa anaona mwanga tu. Akanivuta mkono.

“Wanasema nini?”

“Wanasema huyo ni mchawi hatari.”

“Hapana. Kabla ya hapo.”

“Wanasema huyo Mkamba.”

“Wamesema Mkamba?”

“Mkamba.”

Kijana wa mbele akageuka. “Wazee, nyamazeni basi, hapa si nzama.”

Fundi akagonga chini na fimbo yake, akamwita yule wa mashine ya video kwa sauti ile ile aliyotangazia vipimo vya watu sokoni. “Wewe! Rudisha nyuma kidogo. Hapo pa yule mzee Mkamba.”

Vijana wakalalamika, lakini mzee ni mzee. Mkanda ukarudishwa. Fundi akajiweka vizuri kwenye kigoda, na mbele yetu, kwenye kioo, akakiri tena.